TEKNOLOJIA: Bawabu wa hifadhidata anapowafungia wenyeji nje

ILIKUWA Jumatatu ya juma la kufungua shule, na foleni katika afisi za chama kimoja cha akiba na mikopo ilikuwa imefika hadi barabarani. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni hiyo. Mbele yake alisimama mama mmoja mchuuzi wa mboga, ameshika kitabu chake cha akiba na barua ya karo.

“Mama, tuwie radhi, mitambo imekwama,” karani alimwambia kwa upole.

“Mwanangu, mwalimu mkuu hataki kusikia habari za mitambo,” mama akamjibu, na watu wakacheka kicheko cha uchovu.

Pesa zilikuwepo. Rekodi za wanachama zilikuwepo pia, wala hakuna hata moja iliyokuwa imepotea. Seva ilikuwa inanguruma katika chumba chake, nzima kabisa. Kilichokuwa kimetukia ni kwamba seva hiyo ilikuwa imekataa kuwatambua makarani ambao ilikuwa imewahudumia kwa miaka mingi.

Kijana aliyesimamia mitambo hiyo alinisimulia kisa chenyewe baadaye, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala chama. Mwishoni mwa juma hilo, kifaa kinachogawa mtandao katika jengo kilikuwa kimebadilishwa. Kifaa kipya kikazipa tarakilishi za makarani anwani mpya. Zilizokuwa zikianza kwa 192.168.10 sasa zikaanza kwa 192.168.20. Seva haikuarifiwa kuhusu mabadiliko hayo, hivyo ilipowaona makarani wakibisha hodi kutoka anwani ngeni, iliwafungia mlango.

Akiwa amebanwa na meneja upande mmoja na kelele za wateja upande mwingine, kijana huyo aliandika mstari mmoja tu katika faili moja ndogo. Dakika chache baadaye foleni ikaanza kusonga, mama akapata karo, na kijana akapigiwa makofi. Hakuna aliyefahamu kwamba mstari huo ulikuwa umeling’oa lango zima na kuliweka kando.

Faili hiyo huitwa pg_hba.conf. Aghalabu watumiaji wa hifadhidata ya PostgreSQL huifahamu siku ile tu inapowatesa. Leo tutaeleza jinsi inavyofanya kazi, namna ya kusoma malalamiko yake, na jinsi ya kuirekebisha bila kuacha nyumba wazi.

Daftari la bawabu

PostgreSQL ni programu ya kuhifadhi na kupanga data inayotolewa bila malipo na kutumiwa kote ulimwenguni. Asili yake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, chini ya uongozi wa Profesa Michael Stonebraker, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Jina PostgreSQL lilianza kutumika mwaka 1996.

Katika programu hii, swali la “nani aingie?” hujibiwa na faili ya pg_hba.conf. Herufi hba ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumthibitisha mtu kwa kutegemea tarakilishi anakotokea. Msomaji na aifikirie kama daftari la bawabu langoni. Daftari hilo halimwambii bawabu mgeni afanye nini akishaingia ndani, kwani hayo huamuliwa kwingine. Kazi yake ni kueleza nani aruhusiwe kupita, anatoka wapi, anaelekea chumba kipi na aulizwe nini kabla ya kufunguliwa.

Kila mstari wa daftari hilo ni kanuni moja inayojitegemea. Mstari uliowahudumia makarani wa chama chetu ulikuwa hivi:

host  akiba  karani  192.168.10.0/24  scram-sha-256

Neno la kwanza hueleza njia anayopitia mgeni. Neno host ni kwa wanaokuja kupitia mtandao, nalo neno local ni kwa programu zilizo ndani ya tarakilishi ileile ya seva zinazotumia njia ya ndani iitwayo soketi. Pia kuna hostssl, ambalo humkubali tu mgeni ambaye mawasiliano yake yamefichwa kwa usimbaji.

Neno la pili ni jina la hifadhidata, la tatu ni jina la mtumiaji, na la nne ni anwani. Anwani hiyo ina nambari nne, na kile kimkwaju kinachofuata hueleza ni kiasi gani cha anwani lazima kilingane. Kwa /24, nambari tatu za kwanza sharti zilingane, nayo ya mwisho yaweza kuwa yoyote. Kwa /32, anwani ni moja tu duniani inayokubaliwa na mstari huo. Kwa 0.0.0.0/0, hakuna kinachokaguliwa. Ni sawa na kumwambia bawabu asiulize mtu anakotoka.

Neno la mwisho ni njia ya kumthibitisha mgeni. Hapa ndipo penye uzito wote. Njia ya scram-sha-256 humtaka mgeni athibitishe kwamba anaijua nywila, yaani neno la siri, bila nywila yenyewe kupitishwa mtandaoni. Njia ya peer hutumika kwa wageni wa ndani tu, na huuliza mfumo wa tarakilishi jina halisi la anayebisha. Njia ya reject humfukuza mgeni papo hapo. Nayo njia ya trust humruhusu apite bila kuulizwa lolote, hata akijitambulisha kwa jina la msimamizi mkuu.

Mstari wowote unaoanza kwa alama ya reli, yaani #, ni maelezo tu na bawabu huuruka. Mafundi wengi wamepoteza saa nzima wakishangaa mbona mstari wao haufanyi kazi, kumbe wameusahau nyuma ya alama hiyo.

Mstari wa kwanza ndio hukumu

Kanuni inayowatatiza wengi ni hii: bawabu husoma daftari kutoka juu kwenda chini, na husimama kwenye mstari wa kwanza unaomlingana mgeni. Akishasimama hapo, harudi nyuma wala haendelei mbele. Mgeni akishindwa mtihani wa mstari huo, basi amefukuzwa, hata kama mstari wa pili ungemkaribisha kwa vigelegele.

Hebu tutazame mfano huu:

host  all    all     192.168.20.0/24   reject
host  akiba  karani  192.168.20.14/32  scram-sha-256

Aliyeandika mistari hii alikusudia kuwafukuza watu wote wa mtandao huo isipokuwa karani mmoja. Nia yake ilikuwa njema, ila karani huyo hataingia kamwe, maadamu mstari wa juu unamhusu pia. Dawa ni kubadilisha mpangilio: kanuni mahususi zitangulie, na zile za jumla zifuate.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mstari mlegevu ukiwa juu, mistari yote mikali iliyo chini yake hugeuka pambo. Mtu anaweza kuifungua faili, akaona maneno scram-sha-256 yamejaa kila mahali, akalala usingizi mnono, ilhali mstari wa kwanza kabisa unasema trust kwa kila mtu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika chama chetu. Kijana wetu alikuwa ameandika kileleni mwa faili:

host  all  all  0.0.0.0/0  trust

Yafaa pia kukumbuka kwamba neno all katika nafasi ya hifadhidata halijumuishi kazi ya kunakili seva nzima kwenda seva nyingine. Kazi hiyo huhitaji mstari wake wenye neno replication. Seva ya akiba inapokataliwa ilhali watumiaji wa kawaida wanaingia bila shida, aghalabu sababu huwa ni hii.

Soma malalamiko kabla ya kugusa faili

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumsikiliza. Vivyo hivyo, fundi asiiguse faili kabla ya kusoma ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa kuwa kila ujumbe una maana yake.

Ujumbe wa kwanza ni “Connection refused”. Huu hauhusiani na pg_hba.conf hata kidogo. Mgeni hakufika hata kwa bawabu. Huenda seva imezimwa, au haisikilizi wageni wa nje. Chanzo cha kawaida ni kipengele cha listen_addresses katika faili nyingine iitwayo postgresql.conf. Programu ikiwekwa mara ya kwanza, kipengele hicho husema localhost, yaani seva husikiliza tarakilishi yake yenyewe tu. Kukibadilisha kunahitaji seva izimwe na kuwashwa upya. Mgeni akisubiri bila jibu lolote hadi muda ukaisha, mshukiwa mkuu huwa ni kinga ya mtandao inayozuia poti nambari 5432, ambayo ndiyo PostgreSQL hutumia kwa kawaida.

Ujumbe wa pili ndio uliowapata makarani wetu: “no pg_hba.conf entry for host 192.168.20.14, user karani, database akiba, no encryption”. Maana yake ni kwamba bawabu alisoma daftari lote hadi mwisho asipate mstari hata mmoja unaomhusu mgeni huyu. Jambo la kufurahisha ni kwamba ujumbe wenyewe umebeba dawa. Umetaja anwani, mtumiaji na hifadhidata jinsi seva ilivyoviona. Kazi ya fundi ni kulinganisha mambo hayo na mistari ya faili, moja baada ya jingine, hadi apate lisilolingana.

Maneno ya mwisho ya ujumbe huo yasipuuzwe. “No encryption”, au “SSL off” katika matoleo ya zamani, hueleza kwamba mgeni alikuja bila usimbaji. Iwapo mstari wake katika faili unaanza kwa hostssl, hautamlingana ng’o, hata kama mengine yote ni sahihi. Hapo dawa ni kuiwezesha programu ya mgeni itumie usimbaji. Kumlegezea bawabu masharti hakufai.

Ujumbe wa tatu ni “Peer authentication failed”. Huu huwapata wanaoketi kwenye seva yenyewe. Mtu ameingia katika tarakilishi kwa jina la mwangi, kisha anaomba kuingia katika hifadhidata kwa jina la karani. Bawabu anauliza mfumo wa tarakilishi, anaambiwa huyu ni mwangi, naye anakataa. Nywila haikuulizwa wala haingesaidia. Mtu huyo anaweza kupitia njia ya mtandao kwa kuongeza maneno -h localhost katika amri yake, ili ahudumiwe na mistari ya host na kuulizwa nywila. Aidha, aweza kuendesha amri hiyo akiwa katika akaunti ya tarakilishi yenye jina linalolingana.

Hapa pana mtego mdogo. Katika tarakilishi nyingi za siku hizi, jina localhost laweza kumaanisha anwani ya mtindo wa kale, 127.0.0.1, au ya mtindo mpya, ::1. Faili ikiwa na mstari wa ile ya kwanza pekee, mgeni anayekuja kwa ile ya pili atakataliwa. Mistari yote miwili iwepo.

Ujumbe wa nne ni “password authentication failed”. Huyu amefika kwenye mstari wake, ameulizwa nywila, na ameanguka mtihani. Lakini tahadhari: seva humpa mgeni maelezo machache kwa makusudi ili isimfaidi mwizi. Ujumbe huohuo hutolewa iwapo nywila imekosewa, jina la mtumiaji halipo kabisa, mtumiaji hajawahi kupewa nywila, au muda wa nywila yake umekwisha. Ukweli huandikwa katika kumbukumbu za seva, na huko ndiko fundi anapaswa kutazama. Isitoshe, kumbukumbu hizo hutaja nambari ya mstari wa pg_hba.conf uliotumika kumhukumu mgeni. Taarifa hiyo peke yake huweza kuokoa nusu siku ya kubahatisha.

Zipo pia herufi kubwa na ndogo. Ukiumba mtumiaji kwa jina Karani bila kulitia jina hilo katika alama za kunukuu, PostgreSQL hulihifadhi kama karani. Anayekuja baadaye akijiita Karani hatatambuliwa.

Nywila za kale kwa kufuli mpya

Kuna kosa jingine linalojitokeza baada ya kuhamia toleo jipya, nalo limewaumiza vichwa mafundi wengi. Zamani nywila zilihifadhiwa kwa mbinu ya md5, ambayo wataalamu wanaiona kuwa dhaifu. Toleo la 10 la mwaka 2017 lilileta mbinu ya scram-sha-256, na toleo la 14 la mwaka 2021 likaifanya kuwa ya kawaida kwa nywila mpya. Toleo la 18 la mwaka 2025 limeanza kuwaonya wanaoendelea kuweka nywila za md5.

Tatizo hutokea hivi. Fundi anahamisha data kutoka seva ya zamani, na nywila zinakuja na umbo lake la md5. Kisha anaandika scram-sha-256 katika faili. Mtumiaji anaingiza nywila iliyo sahihi kabisa, naye anakataliwa, kwa sababu kufuli mpya haiwezi kufunguliwa kwa ufunguo uliochongwa kwa mtindo wa kale.

Nywila iliyokwisha kufichwa kwa md5 haiwezi kugeuzwa kuwa ya mtindo mpya, kwani seva yenyewe haijui nywila asilia. Sharti kila mtumiaji aiweke tena. Wakati wa kipindi hicho cha mpito, mstari unaweza kuachwa na neno md5, kwa kuwa seva ni erevu: ikikuta mtumiaji ambaye nywila yake imehifadhiwa kwa mtindo mpya, hutumia mbinu mpya hata kama mstari unasema md5. Watumiaji wote wakishamaliza kubadilisha, neno hilo liondolewe na scram-sha-256 iwekwe mahali pake.

Hatua za kurekebisha

Kwanza, hakikisha unarekebisha faili iliyo sahihi. Katika tarakilishi yenye matoleo mawili ya PostgreSQL, kila toleo lina faili yake, na si ajabu mtu kuhariri ya toleo ambalo halitumiki tena. Usikisie. Iulize seva yenyewe kwa amri hii:

SHOW hba_file;

Pili, nakili faili kabla ya kuigusa. Asiyenakili huishia kujutia.

Tatu, acha dirisha moja likiwa limeunganishwa na seva kama msimamizi mkuu muda wote wa kazi. Mabadiliko ya pg_hba.conf huwahusu tu wageni wanaobisha baada ya faili kusomwa upya. Walio ndani hawatolewi. Ukikosea, dirisha hilo ndilo litakalokuokoa. Lakini jambo hilohilo lina upande wa pili: ukimfuta mfanyakazi aliyeachishwa kazi, naye alikuwa ameunganishwa tayari, ataendelea kuwa ndani hadi muunganisho wake ukatwe.

Nne, baada ya kuhariri, uliza seva imeielewaje faili. Tangu toleo la 10 kuna jedwali maalumu la kazi hii:

SELECT line_number, type, database, user_name, address, auth_method, error FROM pg_hba_file_rules;

Mstari wenye kasoro utaonyeshwa pamoja na maelezo ya kasoro hiyo katika safu ya error. Jedwali hili husoma faili ilivyo wakati huo, hata kabla seva haijaanza kuitumia. Kwa hivyo kosa laweza kunaswa kabla halijamdhuru mtu.

Tano, isomeshe seva faili upya kwa amri ya SELECT pg_reload_conf(); na hakuna haja ya kuizima. Ni muhimu kufahamu kwamba faili ikiwa na kosa la uandishi, seva itaendelea kutumia kanuni za awali na kuandika tu katika kumbukumbu zake kwamba haikuisoma faili mpya. Fundi asiyetazama kumbukumbu atadhani mabadiliko yamekubaliwa. Mbaya zaidi, siku seva itakapozimwa na kuwashwa, labda baada ya umeme kupotea usiku, itakataa kuamka kwa sababu ya kosa lililosahauliwa wiki nyingi zilizopita.

Sita, jaribu ukiwa mahali mtumiaji alipo. Kuingia ukiwa kwenye seva hakuthibitishi chochote kuhusu karani aliye ghorofa ya tatu, kwani ninyi wawili mnahukumiwa na mistari tofauti.

Je, na iwapo msimamizi mwenyewe amefungiwa nje, nywila haikumbuki, na hakuna dirisha lililobaki wazi? Mradi ana mamlaka juu ya tarakilishi yenyewe, bado njia ipo. Aweke mstari ufuatao juu ya mistari mingine ya local:

local  all  postgres  peer

Kisha aisomeshe seva faili upya kupitia mfumo wa tarakilishi, aingie katika akaunti ya tarakilishi iitwayo postgres, na kuweka nywila mpya. Wengi hushauriwa watumie trust katika hali kama hiyo. Hakuna haja. Njia ya peer hufanya kazi ileile bila kumfungulia mtu mwingine yeyote.

Gharama ya mkato

Turudi kwa kijana wetu. Mstari wake wa trust ulikaa kileleni mwa faili kwa miezi saba. Haukuleta kosa lolote, haukuchelewesha mtu, na ndiyo sababu hakuna aliyeukumbuka. Mlango uliofungwa hupigiwa kelele na kila apitaye, ilhali ule ulio wazi haumlalamikishi mtu.

Aliyeugundua ni mkaguzi wa mitambo aliyefika kwa kazi nyingine. Alikaa kwenye dawati la mapokezi, akaunganisha tarakilishi yake na mtandao wa jengo, akajitambulisha kwa seva kuwa yeye ndiye postgres, msimamizi mkuu. Hakuulizwa nywila. Mbele yake yakafunguka majina, nambari za vitambulisho, akiba na madeni ya kila mwanachama, akiwemo yule mama wa mboga. Angetaka, angeweza kuyabadilisha.

Swali lililofuata ndilo lililowanyima viongozi wa chama usingizi: ni nani mwingine aliyekuwa ameingia kwa njia hiyo katika miezi yote hiyo saba? Jibu halikupatikana. Kwa kawaida PostgreSQL haiandiki kila muunganisho katika kumbukumbu hadi kipengele cha log_connections kiwashwe, na katika seva hiyo hakikuwa kimewashwa. Huenda hakuna aliyeingia. Huenda wameingia kumi. Chama kilichoaminiwa na watu wanaoweka akiba shilingi kwa shilingi hakikuwa na namna ya kuwaambia ukweli.

Hapa Kenya jambo hili limepita mipaka ya uzembe wa kifundi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data ya watu aweke hatua zifaazo za kuilinda. Aidha, data ikifikiwa na mtu asiyeidhinishwa, na pakawa na hatari halisi ya madhara kwa wenye data hiyo, Kamishna wa Data sharti aarifiwe ndani ya saa 72 tangu jambo hilo kufahamika. Asiyeweka kumbukumbu za nani aliingia na nani alitoka atajikuta hana hata la kuripoti.

Kwa hivyo, kila msimamizi wa seva anapaswa kuipitia faili hii mara kwa mara na kuuliza maswali manne. Je, kuna neno trust popote, na kama lipo, ni nani aliyeliweka na kwa nini? Je, kuna 0.0.0.0/0 isiyo na sababu? Je, kila mstari unataja hifadhidata na mtumiaji mahususi, au umejaa neno all kwa uvivu? Na je, miunganisho inaandikwa katika kumbukumbu?

Si vibaya pia kuandika tarehe na sababu juu ya kila mstari, nyuma ya ile alama ya reli. Mstari wa dharura usio na tarehe hugeuka kuwa mwenyeji.

Nilimuuliza kijana yule, sasa akiwa fundi mkomavu, kama asubuhi ile kulikuwa na njia nyingine ya kuwaokoa watu wa foleni. Alichukua kalamu, akaandika mstari wa zamani uleule, kisha akafuta tarakimu moja na kuweka nyingine:

host  akiba  karani  192.168.20.0/24  scram-sha-256

“Moja ikiwa mbili. Basi,” akasema. “Ujumbe wa kosa ulikuwa umenitajia anwani yenyewe. Ila sikuusoma. Nilikuwa nikisikiliza foleni.”